Kijinga cha Moto

Watoto wa hapa Msamala wananiita Bibi Kijinga. Wanadhani sijui. Wakiniona napita na kijinga changu cha moto mkononi, ukuni mmoja unaofuka nchani, wanasukumana na kuguna, na yule jasiri kuliko wenzake anasema, "Shikamoo, Bibi Kijinga," halafu wote wanatimua mbio kabla sijaitikia marahaba. Kiswahili ni lugha ya watani. Neno lile lile ni moto na ni upumbavu, na mimi nimepewa yote mawili kwa salamu moja.

Siwalaumu. Mwanamke mzee anayeishi peke yake, asiye na mtoto wala mjukuu, anayetoka asubuhi na ukuni unaotoa moshi kwenda kuchungulia shimo la choo la jirani, lazima aitwe kitu. Kila shimo linalochimbwa au kufunguliwa karibu na hapa, la choo, la kisima, la kuwekea viazi, nalifikia kabla mtu hajaingia. Nakifunga kijinga kwenye kamba, nakiteremsha polepole, natazama. Kikiwaka mpaka chini nasema, "Haya, ingieni." Wanacheka, wanaingia. Mimi narudi kukoroga togwa yangu, ambayo siku hizi naipika ya mtu mmoja na bado inabaki.

Kuandika nilijifunza ukubwani, misheni, kwa mwalimu ambaye ningeweza kumzaa. Alinichapa vidole kwa sababu ya herufi r, ambayo ulimi wangu haukuipenda na mpaka leo hauipendi. Sikuandika chochote cha maana kwa miaka yote hii. Lakini juzi nilisikia mama mmoja akimwambia mwanawe, "Mwache bibi wa watu, alichanganyikiwa wakati wa vita." Hilo ndilo lililoniudhi. Sikuchanganyikiwa. Naijua sababu ya kijinga hiki mwanzo mpaka mwisho, na mtu mwingine aliyeijua hayupo.

Sikuzaliwa Songea. Nilizaliwa mbali, kaskazini ya ziwa Nyasa, chini ya mlima uitwao Kyejo. Ukiwa mtoto huoni kwamba umezaliwa chini ya mlima wa moto. Unaona migomba, mvua isiyokoma, ng'ombe wanono na udongo mweusi ambao ukichomeka kijiti leo, wiki ijayo kina majani. Mlima ulikuwa kimya. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa wa kwanza kuniambia kwamba udongo ule tulioringia ulitoka tumboni mwa mlima, na kwamba uliletwa kwa vilio.

Yeye mwenyewe hakuuona moto. Alisimuliwa na mama yake, ambaye alikuwa msichana wakati huo. Sehemu aliyoisimulia kila mara haikuwa ile ya moto. Moto aliumaliza kwa maneno machache: mlima ulipasuka ubavuni, ukatapika mawe yaliyoyeyuka, yakatambaa bondeni taratibu kama uji mzito, yakameza migomba na nyumba, yakasimama. Alichokisimulia kwa kirefu ni siku za kabla. Ardhi ilitetemeka, watu wakafungasha, wakahamisha ng'ombe. Ikatulia, wakarudi. Ikatetemeka tena, wakahama tena, wakakuta nguruwe wamekula viazi vyao walivyoviacha. Wakarudi wakiwa na hasira. Mara ya tatu wengi hawakuondoka. Hawakuwa wajinga, bibi alisema, walichoka tu kuogopa. Waliokuwa wamehama mara zote mbili walichekwa sana, na baadhi yao ndio waliobaki mara ya tatu, kwa aibu.

"Mtu akikucheka wewe unayeogopa, mwache acheke," aliniambia. "Lakini usirudi kwa sababu yake."

Nilikuwa na miaka kama saba. Niliitikia tu, nikaomba ndizi.

Bibi alikuwa na namna yake ya kuukagua mlima, na sidhani kama boma lolote la Wajerumani lilikagua kitu kwa uangalifu kama ule. Alikwenda kwenye chemchemi ya maji ya moto akatia kiwiko, akakumbuka kilivyokuwa mwezi uliopita. Alitazama panya wanakokimbilia. Mlima aliumiminia maziwa kama wenzake wote, akanena nao kwa heshima, lakini ng'ombe wake walilala upande wa njia, na mtumbwi wa ndugu yake ulikuwa ziwani siku zote. Niliona ni jambo la kawaida, mtu kumwomba mkubwa wake na wakati huo huo kuweka viatu mlangoni. Nilipokuja kuishi na watu wengine ndipo nilipojua kwamba si kila mtu anayeomba anakumbuka njia.

Kulikuwa na bonde dogo chini kidogo ya kwetu. Majani yake yalikuwa mazuri kuliko ya mahali pengine, na hapakuwa na mbuzi hata mmoja. Ukikaribia ungeona ndege chini, mzima, hana jeraha, amelala tu. Kilichomlaza tulikiita pumzi ya mlima. Pumzi hiyo haina rangi wala harufu, inatoka ardhini na kujaa pale chini kama maji yanavyojaa kwenye bakuli. Mtu mzima akisimama anaweza kupita bila kujua, maana imemfika magotini. Mtoto aliye naye amezama. Siku yenye upepo inapeperuka. Asubuhi yenye ukungu, hewa ikiwa imetulia, inakusubiri. Kabla sijazaliwa mtoto mmoja aliingia kumfuata ndama, akalala. Mama yake akamfuata. Mjomba wake akamfuata mama. Kwa hiyo ikawekwa sheria: usiingie bila kijinga cha moto, kishushe mbele yako usawa wa kifundo cha mguu, kikizimika rudi. Na aliyeanguka humo hafuatwi. Hata awe nani.

Kwa lugha ya kwetu salamu ya asubuhi ni "Ugonile," maana yake umelala, umelalaje. Kando ya bonde lile bibi alitukataza kusalimiana hivyo. Tulipita kimya, tukaja kuamkiana mbele.

Wangoni walinichukua nikiwa na miaka tisa au kumi. Sitaeleza sana, yalikuwa mambo ya wakati ule na walionichukua wamekwisha kufa. Walikuja alfajiri, waliondoka na ng'ombe na watoto, na baada ya siku nyingi za kutembea nikajikuta katika nchi ya miyombo, ya vumbi jekundu, isiyo na mlima wenye kazi. Milima ya Matogoro niliitazama kwa muda mrefu sana. Niliuliza inatoka nini. Walicheka. Nilikuwa nimekuja na maswali ya nchi nyingine.

Nilikua katika nyumba ya bwana mmoja wa Kingoni kama mateka, yaani msutu, mtu wa kutwanga na kuchota maji, lakini si mtu wa kupigwa bila sababu. Lugha ya kwetu ilinitoka kidogo kidogo, bila maumivu, kama meno ya utoto. Kitu kimoja tu kilinishika. Asubuhi ya kwanza mke wa pale aliniamkia, "Mgonili," yaani mmelala. Nikalia. Lugha mbili zisizojuana zilikuwa zimekutana kwenye kulala. Yule mama alidhani nina njaa.

Nilipokua niliolewa na mtoto wa ndugu wa bwana yule, nikawa mke wa pili. Mke wa kwanza alinizidi miaka kama kumi, mwanamke mrefu, mwenye mdomo, mwenye mkono mwepesi wa kupika pombe ya ulezi. Nilimwita dada, naye aliniita mdogo wangu mbele za watu, na tukiwa peke yetu aliniita Mtu wa Moto. Ni yeye peke yake katika nchi nzima aliyewahi kuniambia, "Haya, nisimulie mlima wako." Alisikiliza akichambua mboga. Hakuamini hata neno moja, na kila nilipomaliza aliuliza, "Na yule mtoto aliyemfuata ndama, ndama je, alipona?" Sikujua. Bibi hakusema. Aliliuliza kila mara, na kila mara nilimjibu sijui, na tulicheka mpaka mume wetu akaja kuuliza kama tunamcheka yeye.

Hivyo ndivyo nilivyoishi miaka zaidi ya kumi na tano, na sikuwa mpweke. Nataka lieleweke hilo. Upweke nilioujua baadaye niliupima kwa miaka ile.

Kisha Wajerumani wakawa wametukalia sawasawa, na boma lao, na kodi yao, na kazi za kulazimishwa. Maofisa wao waliitazama nchi ya Songea wakaona imetulia. Watu walisalimu, walibeba mizigo, waliinamisha vichwa. Nadhani waliandika mahali kwamba hapa hapana hatari. Mimi niliyezaliwa chini ya Kyejo nilikuwa nikiona wanaume wanavyokaa vikundi vikundi na kunyamaza mtu akipita, na mgongo wangu ulikuwa unasisimka.

Maji yaliletwa kutoka upande wa mashariki. Maji ya dawa: ukinywa na kupakwa, risasi ya Mzungu itageuka maji. Mume wangu alirudi nyumbani ana matone yamekaukia kwenye paji la uso, na alikuwa amependeza, siwezi kusema uongo. Sijawahi kumwona amenyooka vile.

Nikamuuliza, "Mmeyajaribu kwa kitu gani?"

"Kujaribu vipi?"

"Mmempaka mbuzi mkampiga risasi? Au mmeona tu watu wanapakwa?"

"Wewe ni mtu wa kuja," alisema. "Dawa haijaribiwi. Ikijaribiwa inakufa." Akatoka.

Mke mwenzangu alinifokea siku hiyo, mara ya pekee. Alisema mwanaume anayekwenda vitani hapigwi na maswali. Nadhani alikuwa sahihi. Nami nilikuwa sahihi pia, na haikumsaidia mtu. Mume wetu alikufa katika mapigano ya kwanza kabisa, tuliambiwa na mtu aliyekuwa pembeni yake. Wakubwa wengine walikamatwa, wakanyongwa pale Songea watu wakiangalia. Kisha askari na rugaruga, wapiganaji wao wa kukodi, wakaanza kuchoma. Walichoma nyumba, maghala, na mashamba yaliyokuwa tayari. Majivu yalituangukia siku nzima, mepesi, ya kijivu, na watu walisimama wakiyashangaa kwenye mikono yao. Kwetu majivu yalitoka kwa mlima, na baada yake kulikuja udongo mzuri. Haya yalitoka kwa watu, na baada yake ilikuja njaa.

Kabla hawajafika kwetu, mimi na dada tulikuwa tumechimba. Wazo lilikuwa lake. Tulichagua mahali kwenye kichaka nyuma ya mwamba, huko kwenye miinuko ya Matogoro, tukachimba shimo la mfano wa chungu, mdomo mwembamba wa kupita mtu mmoja, tumbo pana, kina chake ukinyoosha mkono hugusi ukingo. Tulilitandika majani makavu, tukamimina ulezi wetu wote na mahindi kidogo, tukafunika kwa magogo na udongo wa mfinyanzi, tukapanda nyasi juu. Kazi ya siku nne. Mvua ilitukamata siku ya mwisho na baadhi ya ulezi ukalowa, lakini hatukuwa na muda wa kuanika.

Tuliishi kichakani miezi. Tulikula ming'oko, uyoga, masuku yalipoiva. Tulikubaliana shimo lisiguswe mpaka vya porini viishe kabisa, kwa sababu kulifungua ni kujitangaza. Tuliona watu wengine mwanzoni, familia zilizokimbia kama sisi. Kisha tukaona wachache. Kisha hatukuona mtu. Dada alikonda, akabaki mdomo tu. Jioni alikuwa akiniambia, "Nisimulie mlima wako, labda leo ndama atapona."

Siku ya kufungua ilikuwa asubuhi ya ukungu. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Nilikuwa nimeamka kabla yake nikapekecha moto kwenye pango tulilolala, nikaja na kijinga. Sikuwa na uhakika. Hapakuwa na mlima wa moto Songea, nilijua. Lakini shimo ni shimo, na asubuhi ile ilifanana mno na asubuhi za kwetu.

Tuliondoa udongo na magogo. Joto lilitupiga usoni, na harufu ya ulezi uliochacha, kama ya pombe siku ya tatu. Dada alifumba macho akatabasamu. "Tutapika togwa," alisema.

Nikamwambia, "Ngoja nishushe moto kwanza."

Aliona moshi. Moshi wa kijinga changu ulikuwa umenyooka juu, mweupe, unapita ncha za miti, kwa kuwa hapakuwa na upepo wa kuutawanya. Akashika mkono wangu.

"Zima hicho. Askari wataona."

"Dada, ni mara moja tu."

"Mdogo wangu, tumejificha miezi yote hii, leo uwaite kwa sababu ya hadithi ya bibi yako? Zima."

Hakuwa amekasirika. Aliniambia kwa upole, kama unavyomwambia mtoto. Ningeweza kukataa. Ningeweza kumshika. Nilikuwa na nguvu kuliko yeye wakati ule. Lakini nilikuwa nimechekwa kwa habari ya mlima huo tangu nina miaka kumi, na hata yeye aliyenipenda alicheka, na nilijiona kweli ni mtu wa kuja, mwenye maswali ya nchi nyingine. Nilikiweka kijinga chini nikakisigina kwa unyayo mpaka kikafa. Nakumbuka nyayo zangu zilikuwa ngumu kiasi kwamba sikuungua.

Alichukua kikapu akajiteremsha. Alisimama juu ya nafaka, kichwa chake kilikuwa chini ya ukingo kidogo. Aliinama kuchota. Aliniambia, "Ya juu imeoza, lakini..." Kisha akakaa. Hakuanguka. Alikaa kama mtu aliyechoka, akaegemea ukuta, na mkono wake ukaacha kikapu.

Nilimwita. Nilimwita dada, nikamwita kwa jina lake, jina ambalo, kwa heshima, sikuwahi kulitumia. Nilijua. Sitaki mtu anihurumie kwa kusema sikujua. Katika nchi yote hii kubwa mtu mmoja tu alijua kilichokuwa kinatokea ndani ya shimo lile, na mtu huyo alikuwa amesimama ukingoni mikono mitupu.

Kisha nikafanya jambo ambalo ndilo nimelibeba. Nilikimbia pangoni. Si mbali, ni mwendo wa kuhesabu labda mia mbili. Nikachukua kijinga kingine, nikarudi nacho kinawaka, moshi juu, sikujali askari tena, nikakifunga kwenye kamba ya gome la mti nikakishusha. Kilizimika kabla hakijafika kwenye nywele zake. Nikakivuta, nikakipulizia kikawaka, nikakishusha tena. Kikazimika tena.

Kwa nini nilikifuata? Nilikuwa najua tayari. Sikuwa nauuliza moto kama niingie. Nilikuwa naomba ruhusa ya kutoingia. Sheria ya bibi ilikuwa kichwani mwangu wazi kabisa, aliyeanguka humo hafuatwi, lakini sheria peke yake haikunitosha, nilitaka kitu kinachoonekana kwa macho kinikataze. Na kilinikataza. Nikakaa chini.

Baadaye nilikata mti wenye kulabu nikajaribu kumnasa. Kaniki yake ilikuwa imeoza kama nguo zetu zote, kikaja kipande. Nikajaribu tena, kikaja kingine. Nikaacha, kwa sababu nilikuwa namvua nguo.

Askari hawakuja. Moshi ule mweupe ulisimama juu ya Matogoro asubuhi nzima, ungeonekana kutoka bomani kwenyewe, na hakuja askari, hakuja rugaruga, hakuja Mngoni mwenzetu wala mwizi. Nchi yote ile haikuwa na mtu wa kuuona. Nadhani hapo ndipo nilipoelewa jinsi nilivyobaki. Tulikuwa tumeogopa watu, na watu walikuwa wamekwisha.

Mchana upepo ukaja. Nilipunga hewa kwa matawi mpaka mabega yakashindwa. Kesho yake kijinga kiliwaka mpaka chini, nikaegemeza gogo la kupandia, nikaingia. Alikuwa amekaa vile vile, hana jeraha, na uso wake haukuwa na hofu. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, nikasema, "Ugonile." Neno la kwetu, ambalo sikuwa nimelitamka kwa miaka, katika mahali kama pale ambapo bibi alikataza lisitamkwe.

Sikuwa na nguvu ya kumtoa. Nilichofanya ni kutoa nafaka. Nilichota kikapu baada ya kikapu kutoka miguuni pake, ile nzuri iliyokuwa chini ya iliyooza, nikaipandisha yote juu, siku mbili. Kisha nikalifukia shimo, likawa lake. Na ulezi ule nikaula. Niliula mpaka mvua zilipokuja na mapadri wakaanza kugawa chakula misheni. Ndio ulionileta hapa.

Miaka kadhaa baada ya vita, nikiwa mpishi misheni, alikuja Mjerumani mmoja asiye wa boma, mtu wa nyundo na chupa. Alikuwa anatoka Rungwe, upande wa kwetu, na wapagazi wake walikuwa hoi, maana mzigo wao ulikuwa mawe. Walinung'unika kwamba wamewahi kubeba pembe, mpira na bwana mnene, lakini mawe ya kawaida hawajawahi. Mmoja alifungua sanduku anionyeshe. Niliyajua. Meusi mazito, na yale mepesi yenye vitundu ambayo mama yangu alisugulia visigino. Kila moja lilikuwa limebandikwa namba.

Mpagazi huyo alinitazama vizuri, akatazama chale zangu, akasema, "Ugonile, mama."

Nilifungua mdomo. Nilitafuta jibu lake, ambalo kila mtoto wa kwetu analijua, na halikuwepo. Nilimjibu kwa Kingoni. Akainamisha kichwa kwa adabu, akafunga sanduku.

Mapadri walimwambia Mjerumani kwamba mpishi wao ni mtu wa kule, akaniita. Mwalimu wangu wa herufi alitafsiri. Mjerumani alitaka kujua wazee walisema nini juu ya moto wa Kyejo, na nikamwambia yote, kutetemeka, kuhama, kurudi, nguruwe na viazi. Aliandika kwa furaha. Nikamuuliza, "Mlima ule umekufa, au umelala?" Alifikiri kweli kweli, nilimheshimu kwa hilo. Alisema hawezi kujua. Mtu angepaswa kupima joto la chemchemi zile miaka mingi mfululizo, na yeye alikaa pale miezi miwili. Nikamwambia bibi yangu alizipima maisha yake yote, kwa kiwiko. Mwalimu alisita kutafsiri, kisha akatafsiri. Mjerumani hakucheka. Aliandika.

Kwa hiyo nikamwambia habari za bonde. Aliitikia kwa kichwa haraka haraka, analijua, ni hewa nzito, inazima moto, inaua. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kwanza aliyeniamini tangu nitoke kwetu, nikamwambia habari za shimo. Nilimwambia kwamba miaka yote nimeamini pumzi ya mlima ilinifuata. Kwamba ilipita chini ya ziwa na chini ya ardhi ikanitafuta mpaka Matogoro, kwa sababu mimi ni wa kwake, ikakosea mtu.

Alimwambia mwalimu maneno mengi, na mwalimu akayafupisha. "Anasema si mlima. Nafaka ikilowa na kufungiwa inatoa hewa ile ile. Hata pombe ikichacha inatoa. Ingetokea kwa mtu yeyote, shimo lolote. Anasema mlima wako haukukufuata."

Najua alitaka kunifariji. Lakini kitu pekee cha kwetu nilichodhani kimenifuata huku, hata kama kilikuja kuua, alikichukua hapo hapo jikoni, mbele ya vyungu vyangu. Nikabaki na nafaka iliyolowa kwa mvua ya siku ya nne.

Nikauliza la mwisho. Kama ningemfuata ndani, ningemtoa?

Mjerumani aliniangalia mikono, akaangalia urefu wangu. Alisema hapana, mngelala wawili. Alisema nilifanya ilivyopasa.

Miaka yote nimekaa na jibu hilo. Ni jibu zuri. Halina mtu wa kuzungumza naye jioni, wala wa kuniuliza habari za ndama.

Kwa hiyo jirani wakichimba, nakwenda. Wiki iliyopita ilikuwa kisima, vijana wanne wenye majembe mapya, wakanisalimia vizuri wakanipisha. Kijinga kiliteremka, kikawaka mpaka chini, kikaangaza matope. Wakacheka. Nami hupenda wakicheka, maana ni kicheko cha watu watakaorudi nyumbani kula. Mmoja akasema kwa sauti aliyodhani ni ndogo, "Bibi Kijinga amemaliza." Wananiita hivyo kwa sababu ya siku zote ninazokiwasha. Hawajui kwamba jina hilo nililistahili siku moja tu, asubuhi ile nilipoambiwa nikizime, nikakizima.